Daraja Mbili Ikishika Moto Saa Nane Usiku, Unapigia Nani?

Toa simu yako. Tafuta namba ya zimamoto ya Kisii. Si 999, si namba ya beste yako mwenye anajua karao fulani. Namba ya zimamoto yenyewe, ile ukipiga inashikwa na mtu ako kituoni, hatua chache kutoka kwa gari lenye maji.

Huna? Uko na wenzako wengi. Shida ni kwamba moto haungoji uitafute.

Chukulia mathe ana kibanda Daraja Mbili. Ama ni wewe mwenyewe, umechukua mkopo wa chama, umeweka yote kwa bale mbili za mitumba, na leo ni Jumatano usiku. Kesho ni siku ya soko. Kila mtu wa Kisii anajua Jumatatu na Alhamisi ndizo siku za pesa hapo, kwa hivyo usiku wa kuamkia siku hizo ndio mali hujaa kuliko wakati mwingine wowote. Saa nane usiku, mtu anaona moshi. Anapigia nani? Huyo anayepigiwa anafanya nini baada ya kukata simu? Na mbona mara nyingi hadithi za moto wa soko huishia na watu mia wakirekodi video, halafu gari linafika wakati kilichobaki ni mabati na majivu?

Watu huongea juu ya zimamoto moto ukishawaka, na huongea kwa hasira tu. "Wamechelewa." "Wamekuja bila maji." "Warudi walikotoka." Leo tuangalie hii maneno ikiwa imepoa. Zimamoto inaendeshwa aje? Bosi ni nani? Dooh zinatoka wapi? Ukielewa hapo, utajua mahali pa kupiga kelele mapema, kabla mali ya mathe haijageuka jivu.

Huyu mtoto ni wa nani?

Uliza wasee kumi kwa stage, wengi watakuambia zimamoto ni kazi ya gava. Sawa, lakini gava gani?

Katiba ya 2010 ilimaliza huo mjadala. Kwenye Jedwali la Nne, pale kazi zinapogawanywa kati ya serikali kuu na kaunti, huduma za kuzima moto na kudhibiti majanga zimewekwa upande wa kaunti. Si kazi ya rais. Si kazi ya mbunge wako. Si kazi ya OCS, hata kama yeye ndiye atafika kwanza na bunduki na tochi.

Sasa angalia vizuri. Kwa orodha hiyo hiyo ya kaunti kuna masoko na leseni za biashara. Maana yake, anayekutoza ushuru wa soko asubuhi na anayefaa kukuzimia moto usiku ni mtu mmoja. Hakuna nafasi ya kusema "hiyo uliza ofisi ile ingine." Ukilipa kanjo pale kwa geti, umelipa bosi wa zimamoto.

Kabla ya uchaguzi wa 2013 mambo yalikuwa tofauti. Miji ilikuwa na mabaraza yake, na Kisii ilikuwa chini ya baraza la manispaa. Zimamoto ilikuwa ya mji. Ugatuzi ulipoingia, kazi ikapanuka ghafla. Kaunti ya Kisii ina maeneobunge 9, wodi 45, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860. Nyamira nayo ina maeneobunge 4, wodi 20, na watu 605,576. Huduma iliyoundwa kuhudumia mji mmoja sasa inatarajiwa kufika mpaka kijijini, kwenye milima, kwa barabara ya murram, mvua ikinyesha.

Kuna kitu kingine cha kujua. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011 inaruhusu kaunti kupatia bodi ya manispaa baadhi ya kazi za mji. Kwa hivyo swali lako la kwanza kwa ofisi yoyote liwe hili: zimamoto yetu inaripoti kwa nani, kwa idara ya kaunti ama kwa bodi ya manispaa? Wakianza kurushiana mpira mbele yako, umepata jibu. Kitu ambacho hakina mwenyewe wakati wa amani hakitapata mwenyewe wakati wa moto.

Majirani wanafanya aje?

Usidhani mfumo wetu ndio pekee. Tanzania walienda njia ingine kabisa. Wana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, la nchi nzima, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na namba moja kila mahali: 114. Uganda wameiweka ndani ya polisi. Askari wa zimamoto Kampala ni askari polisi, na mkubwa wao ni mkubwa wa polisi.

Kwa hivyo Afrika Mashariki ina mifumo mitatu: wetu wa kaunti, wa Tanzania wa jeshi moja la taifa, na wa Uganda wa polisi. Upi bora? Hapa ndipo mambo huwa noma. Soko la Owino pale Kampala liliungua Februari 2009. Soko la Kariakoo pale Dar liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Gikomba yetu imeungua mara kibao, na ile ya alfajiri ya tarehe 28 Juni 2018 iliua watu 15.

Bosi alikuwa tofauti kila mahali, lakini masoko yaliungua vile vile. So yule anayekuambia dawa ni kurudisha zimamoto kwa serikali kuu, ama kuipeleka kwa polisi, muulize kwanza kuhusu Owino na Kariakoo. Jina lililo kwenye mlango wa gari si kitu kikubwa. Kitu kikubwa ni dakika kumi za kwanza: nani alishika simu, nani alikuwa kwa gari, lilipitia wapi, na maji yalipoisha lilienda kujaza wapi.

Gari jekundu pekee si zimamoto

Wanasiasa wetu wanapenda gari la zimamoto sana. Ni kubwa, ni jekundu, linapiga king'ora, na kwa picha linatokea poa. Likinunuliwa kuna sherehe, kuna utepe, kuna ngoma. Lakini gari likiwa peke yake ni lori la gharama tu.

Fanya hesabu na mimi. Sema gari moja linahitaji watu watano: kiongozi wa kikosi, dereva ambaye pia anaendesha pampu, na watatu wa kushika mipira na kuingia ndani. Wiki ina saa 168. Mtu mmoja akifanya saa 42 kwa wiki, utahitaji watu wanne ili kiti kimoja kisikae wazi usiku na mchana. Viti vitano mara watu wanne ni watu ishirini. Hiyo ni gari moja! Na hapo hujahesabu likizo, ugonjwa, mafunzo, wala yule wa kushika simu kituoni.

Kwa hivyo ukisikia kaunti yoyote imenunua magari mawili na ina wafanyakazi kumi na watano wa zimamoto, usipige makofi bado. Kuna usiku ambapo gari moja litalala kwa yadi na mafuta kamili, bila mtu wa kulitoa.

Marekani wana kiwango kinaitwa NFPA 1710, cha miji yenye wazima moto wa kuajiriwa. Kinasema simu ya moto ikiingia, kikosi kiwe kimevaa na kutoka ndani ya sekunde 80. Gari la kwanza lifike ndani ya dakika 4 za safari. Na lisiwe na watu chini ya 4. Sisemi Kisii ifikie hapo kesho. Nasema wenzetu wamekubaliana nambari, halafu wanapimwa kwa hiyo nambari. Sisi tunapima zimamoto na hasira ya watu, na hasira haiwezi kukuambia ni nini kiliharibika na kitengenezwe wapi.

Halafu kuna kutunza. Pampu ya gari la zimamoto si injini ya matatu ambayo fundi yeyote wa jua kali atafungua. Mipira ikirudi na maji lazima ikaushwe, la sivyo inaoza. Mitungi ya hewa ya kuingilia kwenye moshi inajazwa na kukaguliwa. Tairi, betri, mafuta. Hakuna mwanasiasa anayekata utepe wa kukausha mipira, na bajeti inapokatwa hapo ndipo panaumia kwanza.

"Wamekuja bila maji"

Hii ndiyo lawama maarufu zaidi Kenya nzima. Saa zingine ni kweli. Lakini mara nyingi kinachotokea ni kingine, na ukikijua utaacha kubishana bure.

Gari la lita 5,000 linaonekana kubwa. Sasa fungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika. Hiyo ni lita 1,000 kila dakika. Kwa dakika tano, tangi ni tupu. Gari lilikuja na maji, likayatumia, yakaisha, na watu waliofika dakika ya sita wakaona gari limesimama kavu. Video inaanza hapo.

Kwa hivyo swali la maana ni gari linajaza wapi baada ya dakika tano. Mahali pamejipanga kuna haidranti, ile bomba ya zimamoto pembeni ya barabara ambayo gari linaunganisha mpira na kuvuta maji moja kwa moja. Lakini haidranti ni za mfumo wa maji, na maji ya mjini Kisii yako chini ya kampuni ya maji ya Gusii, GWASCO. Zimamoto ni kaunti, bomba ni kampuni ya maji. Kama hao wawili hawana orodha moja ya haidranti, hawajui ipi inafanya na ipi imefunikwa na lami ama kibanda, basi gari litazunguka mji likitafuta maji na soko linaungua.

Halafu kuna hii kitu inauma. Gusii si jangwa. Huku tunapata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Mto Nyakomisaro unakata mji wenyewe. Sisi ndio watu wa kunyeshewa karibu kila alasiri, halafu tunaunguliwa na mali kwa kukosa maji. Tangi la lita 10,000 linalojazwa na mvua ya paa la soko, lenye mdomo unaoingiana na mpira wa zimamoto, si teknolojia ya kwenda mwezini. Ni mabomba, ni gata, ni mtu wa kuhakikisha halitumiki kuoshea karoti mpaka likauke. Hata mtoni, pampu ndogo ya kubeba inaweza kuvuta maji bora kuwe na mahali tambarare pa kuisimamisha. Mahali hapo panatafutwa mchana na kwa utulivu. Hapatafutwi saa nane usiku na tochi ya simu.

Njia imezibwa na nani? Na sisi.

Hapa nitakuambia ukweli hata kama utakasirika.

Gari la zimamoto lina upana wa karibu mita mbili na nusu. Ukiongeza vioo, milango ya kufunguka na watu wa kushuka na vifaa, unahitaji njia ya kama mita nne. Sasa tembea sokoni siku ya Alhamisi. Ndizi zimepangwa mpaka katikati ya njia. Avokado kwa gunia, viatu kwa turubai, nduthi zimeegeshwa tatu tatu, mkokoteni umeachwa na mwenyewe ameenda chai. Hapo hata wewe unapita kwa ubavu.

Sisemi mama anayeweka mboga kwa njia ni mkora. Anaweka hapo kwa sababu mteja anapita hapo, na ndani kumejaa. Ushuru analipa sawa tu na yule wa ndani. Lakini moto haujali nani amelipa. Gari likisimamia mita 150 nje, wazima moto wanaanza kuunganisha mipira ya mita 20 ama 30, mmoja baada ya mwingine, huku watu wanawakanyaga wakikimbia na mizigo. Kila kiungo ni muda, na muda ndio huo unachoma kibanda cha jirani.

Vibanda vyenyewe ni mbao, turubai na mabati, vimeshikana bega kwa bega. Kwa uwazi wa mita chache moto unakwama. Bila uwazi, unapita kama umechorewa njia. Watu wa Gikomba wamelia juu ya hili miaka mingi: vibanda vimebanana, gari halipiti, na kila soko likijengwa upya baada ya moto linarudi vile vile kwa sababu kila mtu anakimbilia kipimo chake kabla hajaporwa nafasi.

Ongeza jam. Barabara kuu ya A1, ile ya Kisumu kwenda Isebania, inapita mjini Kisii. Unajua vile hukaa jioni. Mji uko mlimani, barabara nyembamba, na king'ora hakina mabawa. Ndiyo maana mahali pa kuweka gari ni muhimu kama gari lenyewe. Kuna miji huweka gari dogo, hata pikapu yenye pampu na tangi la lita chache, karibu na soko kubwa siku ya soko. Gari dogo linapita mahali lile kubwa haliwezi, na moto wa dakika ya tatu haujahitaji gari kubwa.

Halafu kuna mawe. Hii tabia ya kurushia wazima moto mawe kwa sababu wamechelewa, tuiache. Yule kijana kwa gari hakupanga bajeti. Hakuchagua kituo kiwe wapi. Ukimvunjia kioo leo, siku ingine dereva atangoja karao amsindikize kwanza, na hapo umejiongezea dakika ishirini kwa mkono wako.

Na Keroka?

Kuna mahali hii story inakuwa ngori zaidi. Keroka. Mpaka wa Kisii na Nyamira unapita huko, na hizo kaunti mbili zimewahi kuvutana vikali juu ya nani akusanye ushuru wa mji. Kila upande ulijua mpaka uko wapi pesa zikihesabiwa.

Sasa duka lishike moto pale kwa mpaka. Nani anakuja? Kutoka mjini Kisii mpaka Keroka ni zaidi ya kilomita 20. Gari zito la maji, kwa milima, na hata barabara ikiwa wazi, hiyo si safari ya dakika kumi. Kama la karibu ni la upande ule mwingine, linaruhusiwa kuvuka? Nani analipa mafuta? Nani anaamuru wakifika wote wawili?

Katiba haikuacha hapo wazi. Kifungu cha 189 kinataka serikali zishirikiane na kinaziruhusu kuunda kamati za pamoja. Kisii na Nyamira tayari ziko kwa jumuiya moja ya kiuchumi ya kaunti za eneo la ziwa. Kinachohitajika ni karatasi moja yenye sahihi za magavana wawili: gari la karibu ndilo linaenda, hesabu tutafanya asubuhi. Kama mnaweza kupigania ushuru wa Keroka, mnaweza kuandikiana hiyo karatasi.

Twende kwa dooh

Zimamoto hufa kwenye bajeti kabla ya kufa barabarani. Na bajeti ya kaunti si siri, ina kalenda kama ya EPL.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kufikia Septemba 1 kaunti inafaa kuwa imepeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka unaofuata kwa bunge la kaunti. Kufikia Februari 28, karatasi ya mwelekeo wa fedha. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti yenyewe. Juni 30 inafaa kuwa imepitishwa. Katikati ya hizo tarehe kuna vikao vya wananchi, vile ambavyo wewe huwa unasema ni vya wazee na ma-MCA. Ukifika huko Julai na kilio chako, mechi imeisha na refa ameenda home.

Pia kuna hazina ya dharura. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaruhusu kaunti kuunda hazina hiyo, na kiasi chake kisizidi asilimia 2 ya mapato yote ya kaunti. Hiyo asilimia ni ndogo? Kwa mwaka wa fedha 2021/22 mgao wa Kisii kutoka serikali kuu ulikuwa kama shilingi bilioni 8.9. Asilimia 2 ya hiyo pekee ni kama milioni 178. Lakini elewa kitu: hazina ya dharura ni ya kushughulikia janga likishatokea. Mishahara ya wazima moto, mafuta, mipira na matangi inafaa kukaa kwa bajeti ya kawaida, kila mwaka, kwa mstari wake, wenye jina lake. Ukiona zimamoto haina mstari wake, imefichwa ndani ya "utawala" ama "huduma nyinginezo", jua hakuna mtu atakayeulizwa ikikosekana.

Kaunti nyingi pia hutoza ada ya ukaguzi wa moto pamoja na leseni ya biashara. Hapo uliza kwa ukali. Uliwahi kuona mkaguzi akiingia dukani, akiangalia waya, akiuliza mlango wa pili uko wapi? Ama ulilipa, ukapata karatasi, ukaibandika ukutani? Kanuni za 2007 za kupunguza hatari ya moto mahali pa kazi zinataka ukaguzi wa usalama wa moto angalau mara moja kila mwaka, na zoezi la kutoroka moto angalau mara moja kila mwaka. Hiyo inakuhusu hata wewe ambaye huuzi soko. Ile plaza unafanyia kazi, ile club unaenda Ijumaa yenye ngazi moja nyembamba, lini mara ya mwisho walifanya zoezi?

Sasa wewe unafanya nini?

Usiniambie hakuna kitu kijana anaweza kufanya. Kuna silaha mbili hazihitaji hata maandamano.

Ya kwanza ni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Unaandikia ofisi ya umma ukiomba habari, nao wanafaa kukujibu ndani ya siku 21. Kama habari inahusu uhai wa mtu, ni saa 48. Uliza maswali matano, kwa lugha nyepesi:

Zimamoto ina wafanyakazi wangapi wa kila zamu, usiku na mchana? Magari mangapi yanatembea leo, si yaliyonunuliwa? Haidranti zinazofanya kazi karibu na Daraja Mbili ziko wapi? Mwaka jana zilipigwa simu ngapi, na gari lilichukua dakika ngapi kufika? Na ada za ukaguzi wa moto zilikusanywa pesa ngapi, zikatumika wapi?

Hayo maswali hayamtusi mtu. Ofisi inayofanya kazi yake itayajibu kwa dakika kumi. Ikishindwa kuyajibu kwa siku 21, hilo nalo ni jibu.

Silaha ya pili ni ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kulipeleka. Wafanyabiashara wa soko wakiandika pamoja, na sahihi zao, MCA hawezi kusema hakusikia. Na mwaka wa uchaguzi anasikia vizuri zaidi.

Halafu kuna kazi ya soko lenyewe, isiyongoja gavana. Kamati ya soko ikubaliane njia moja ya mita nne, ipakwe rangi chini, na iwe haigusiki hata siku ya Alhamisi. Wazee wa soko waipitishe kwa heshima, na vijana wa nduthi waambiwe hiyo si stage. Namba ya zimamoto iandikwe kubwa kwa geti, kwa choo na kwa kila nguzo. Walinzi wa usiku wapatiwe mitungi ya kuzimia moto na waonyeshwe kuitumia: vuta pini, elekeza chini kwa shina la moto, finya, pepeta kushoto na kulia. Ndoo za mchanga zikae kwa wale wanaokaanga chipo na mandazi, kwa sababu mafuta yakishika moto ukimwaga maji umeuchochea. Na kila mtu ajue swichi kubwa ya stima iko wapi. Wazima moto wakikuta waya una stima, hawawezi kumwaga maji wakiwa na amani, kwa hivyo yule anayepigia zimamoto awe na mwenzake anayepigia Kenya Power, 97771, wakati huo huo.

Ukipiga simu usilie tu "Soko inaungua!" Sema ni soko gani, upande gani, nini kinaungua, kuna mtu ndani ama hakuna, na gari lipitie geti lipi. Halafu mtu mmoja asimame barabarani kuongoza gari. Hiyo pekee inaokoa dakika, na tumeshaona dakika tano ni tangi zima.

Wengi wa wanaouza Daraja Mbili hawana bima. Bima yao ni chama, ni shamba la ndizi, ni mtoto aliye Nairobi wa kutuma kitu kidogo. Kibanda kikiungua, kinachoungua ni karo ya muhula ujao na deni ambalo bado linadai. Hilo gari jekundu likichelewa, mathe ndiye anaanza upya na miaka hamsini na tano mgongoni.

Kaunti inajua njia ya kuja sokoni kila siku kuchukua ushuru, bila kupotea, bila kukwama kwa jam. Mwambieni mwenyekiti wa soko aandike barua wiki hii, na awaulize kaunti kama zimamoto nayo inaijua hiyo njia.